SKUTA YA MASHAVU
Sehemu ya Saba: Kukiri Kabla ya Kisomo

Hakusimama.

Nyinyi mliobishana vibarazani wiki nzima, huyu anasema kasimama, yule anasema hawezi kukimbia mtoto wa watu yule, jibu lenu ndilo hilo. Mashavu alisikia kishindo ubavuni. Alisikia mtu akiguna "Ya Rabbi" kwa sauti nzito ya chini. Skuta ikayumba, akaiweka sawa, kisha akakaza kidole gumba kwenye kitufe cha mwendo.

Skuta ikachupa mbele bila kelele. Ndivyo zilivyo hizi za umeme, zinakuja kama paka. Akakata kushoto, akakata kulia, watu wakijibana ukutani kumkwepa, mwanamke mmoja na kapu lake la ndizi akimlaani yeye na aliyemzaa, buibui likimpigapiga Mashavu miguuni. Hakugeuka nyuma hata mara moja.

Mtu gani huyu, mtauliza, anayewawekea paka wa mtaa maji kila asubuhi, halafu anaangusha binadamu na kwenda zake?

Nakwambieni. Asubuhi ya siku hiyo hiyo, Jumatano, pale Darajani, aliona kwa macho yake kijana akishushwa kwenye skuta kama yake, rangi kama yake, na skuta ikarushwa juu ya karandinga. Kijana akauliza kosa lake. Askari wa kwanza akamwambia huna namba. Wa pili akamwambia huna leseni. Wa tatu akamwambia aondoke kabla hajatafutiwa jengine. Hakuna hata mmoja aliyemwonesha ukurasa wa sheria, kwa sababu hakuna hata mmoja aliyewahi kuuona. Sheria ambayo wanaoishika hawaijui inamfundisha mtu maskini jambo moja tu, nalo ni kukimbia.

Na Mashavu alikuwa na cha kukikimbilia. Kwa aliyeingia leo katika hadithi hii, Mashavu ni mpakaji hina, mtalaka wa miaka thelathini na sita. Miaka kumi na mbili alikwenda kwa maharusi kwa miguu, kutoka chumba chake cha Mkunazini hadi Malindi, hadi Ng'ambo, mfuko wa hina na piko kwapani, akifika bibi harusi ameshanuna na mama yake ameshaanza maneno. Mwezi uliopita alinunua skuta, ile ya bei ya chini kabisa dukani kwa Masoud, ubao wa kusimamia na usukani unaokunjika. Masoud alimwapia kwamba kile ni sawa na baiskeli. Hakuna leseni, hakuna namba, hakuna bima, hakuna askari. Na kwa kumfurahisha zaidi akaifungulia spidi pale pale dukani, ikawa inakwenda karibu mara mbili ya ilivyotoka kiwandani.

Alipofika nyumbani aliikunja, akaipandisha ngazi zile za kukata pumzi, akaisukuma mvunguni na kuishushia shuka. Kisha akakaa juu ya kitanda hicho hicho, kama mtu aliyekalia nyoka.

Asubuhi ya Alkhamisi ndipo jina lilipokuja.

Lililetwa na Riyama, dada yake mkubwa, ambaye wanaishi chumba kwa chumba. Riyama ana mimba ya miezi saba. Ni ya tatu. Mbili za mwanzo zilitoka, moja ya miezi mitano, moja ya sita, na tangu ufike mwezi huu wa saba mumewe, ambaye ni baharia, kila siku hupiga simu kutoka bandari za watu kuuliza kama amekaa kitako. Hakuwa amekaa kitako. Alikuwa ametoka sokoni, amebeba mchicha, na domo limemjaa habari.

"Nyinyi watu wa skuta mmeshatuulia mzee," alisema, akishika ukuta kupumua. "Mzee Mkadam, fundi saa wa Kiponda. Kagongwa jana, nyonga imevunjika, na shetani aliyemgonga kaenda zake."

Mashavu alikuwa akichekecha hina. Mkono ulimsimama.

Riyama akamtazama kwa upande, nusu mzaha. "Si wewe, lakini?"

"Mimi jana nilikuwa Ng'ambo," alisema Mashavu.

Uongo ule ulitoka laini kama ameusomea. Riyama akacheka, akasema alijua, mdogo wake hata kuku humpisha njia. Akatoa simu kifuani na kumsikilizisha sauti iliyokuwa imeshazunguka makundi yote ya WhatsApp ya mtaa. Ilikuwa sauti ya mwanamke, kavu, bila ya kilio.

"Mimi ni Mardhiya binti Mkadam, wa Kiponda. Baba yangu kagongwa jana na skuta ya umeme na aliyemgonga kakimbia. Simtafuti kwa askari. Askari nawajua. Nampa mpaka kesho alasiri aje mbele yangu aniombe radhi. Asipokuja, masheikh wameshaalikwa, itasomwa Halbadiri. Na Halbadiri haiulizi ulipanda baiskeli au pikipiki."

Msomaji wangu, kama hujawahi kuiogopa Halbadiri basi hukulelewa Unguja. Ni kisomo cha kumshitakia Mungu mtu asiyejulikana. Hufukizwa ubani, hutajwa majina ya watu wa Badri mmoja mmoja, kisha mkosaji huachiwa mwenyewe Mola. Kila mtaa una kisa chake. Huyu alivimba tumbo, yule alipofuka njiani akenda Chake Chake, wa tatu alikutwa akizungumza na mnazi. Wezi wangapi wamerudisha redio za watu usiku wa manane kwa kusikia tu kwamba ubani umeshanunuliwa?

Na mkitaka kujua kwa nini Bi Mardhiya hakwenda kituoni, mimi sijasahau, na Kiponda haijasahau. Mzee Mkadam huyo huyo, alipokuwa kijana, baiskeli yake ilifungwa miezi mitatu kwa kukosa kibati cha leseni, kibati cha bati jamani, si zaidi ya kiganja cha mtoto. Mwaka juzi gari ya vioo vyeusi ilimvunja mguu muuza kahawa mtaa huo huo. Gari ile ilikuwa na namba, ina leseni, ina bima, ina kila kitu isipokuwa mtu wa kuulizwa. Jalada likapotea. Muuza kahawa mpaka leo anachechemea na deli lake la kahawa. Sasa nani atakwenda kituoni?

"Mwache asomewe," alisema Riyama, akikaa kwa taratibu juu ya kitanda, juu ya skuta. "Ila namhurumia mmoja. Haya mambo hayamkuti aliyefanya peke yake. Yule aliyeiba dhahabu ya bibi harusi kule kwetu zamani, unakumbuka? Yeye alibaki mzima. Aliyepotea ni mtoto wa ndani ya nyumba yake."

Aliyasema hayo akilisugua tumbo lake, polepole, kama anavyofanya kila mtoto akimpiga teke.

Mashavu akalitazama tumbo lile.

Ndani ya nyumba yake mlikuwa na mtoto mmoja tu.

Adhuhuri hiyo alikuwa dukani kwa Masoud. Masoud alimpokea kwa meno yote, akamwita Bi Mashavu, akamuuliza kama amemletea mteja. Mashavu akamvuta nyuma ya makabati ya majiko ya umeme, akamwambia yote, kwa sauti ya pumzi.

Meno yakafungwa.

"Ulikuwa unakwenda spidi gani?"

"Hiyo uliyonifungulia."

"Mimi sikufungua kitu."

"Masoud. Ulifungua mbele yangu. Bisibisi uliishika kwa meno hayo hayo."

Masoud akachungulia mlangoni, akarudi. "Sikiliza, dada yangu. Mtu akigonga na pikipiki, aliyemuuzia haulizwi."

"Pikipiki? Si ulinambia baiskeli?"

"Kuuziwa ni baiskeli," alisema Masoud, bila hata ya kupepesa. "Kugongea ni pikipiki."

Kisha akalainika, na hapo ndipo alipozidi kutisha. Akamwambia asihangaike. Ana shemeji yake Paje, anakodisha vifaa kwa wageni wanaocheza na tiara baharini. Jioni hiyo hiyo skuta itatiwa kwenye gari ya barafu, na kesho asubuhi itakuwa inapanda na kushuka ufukweni na Mtaliano aliyevaa chupi. Kule hakuna anayemuuliza mgeni namba wala leseni. Sheria ya kisiwa hiki, alisema Masoud, na kwa hili tu alisema kweli, inaanza pale mtu anapokuwa mwenyeji.

Mashavu alikaribia kukubali. Nisikufichieni, alifungua mdomo kukubali. Halafu likamjia tumbo la Riyama. Akauliza kama Halbadiri pia inapotea njia ya Paje.

Masoud alikwenda kwenye droo, akatoa karatasi.

"Hii uliitia saini siku uliyonunua."

"Ulinambia ni risiti."

"Ni risiti. Na hapa chini pameandikwa mnunuzi amepokea chombo kikiwa kimefungwa spidi, na akikifungua ni juu yake mwenyewe." Kidole chake kilipita juu ya Kiingereza ambacho Mashavu hakukisoma kwa sababu siku ile alikuwa na furaha. "Nenda ukakiri. Mimi nitasema nilimuuzia mwanamke wa watu kitu cha salama, akakichokoa mwenyewe. Nani ataaminiwa? Mimi nina duka."

Alitoka pale jua la adhuhuri likimchoma utosini. Darajani nzima ilikuwa na macho. Kila askari aliyesimama alionekana anamtazama yeye, na kila skuta iliyopita bila sauti nyuma yake ilimrusha moyo.

Hakulala. Na mtu asiyelala huamua mambo ambayo aliyelala asingeyaamua. Asubuhi ya Ijumaa, kabla chai haijachemka kwa jirani, Mashavu alivaa buibui lake zuri la harusini, akatia kitambulisho chake cha Mzanzibari mkaazi ndani ya pochi, akenda kituoni kujishitaki.

Kwenye kaunta alikuwapo koplo, jina lake Ubwa, mtu mnene wa macho mekundu, anakula mkate wa ufuta juu ya daftari la serikali. Mashavu akampa shikamoo, akaitikiwa marahaba na makombo. Akasema amekuja kukiri kwamba Jumatano alimgonga mtu na skuta ya umeme, akakimbia.

Koplo akafuta vidole, akafungua ukurasa mpya. "Namba ya chombo?"

"Hakina namba."

"Kila chombo kina namba."

"Hiki hakina, afande. Kiliuzwa hivyo."

Koplo akatafuna, akafikiri. Akaita ndani, akauliza skuta za umeme zinaandikwa wapi. Sauti ikajibu kwamba ziandikwe kwenye baiskeli. Sauti ya pili ikasema wee, zile ni pikipiki, waraka ulikuja. Wa kwanza akauliza waraka upi. Wa pili akasema aliusikia. Mabishano yakapanda mpaka mtu akataja mtungo wa samaki aliokopa mwenziwe, ikawa maneno mengine kabisa.

"Tatizo lako," alisema Koplo Ubwa, akilifunga daftari kwa upole, "nikikuandika mwenye baiskeli, hili dogo, unaondoka. Nikikuandika mwenye pikipiki, huna leseni, huna bima, huna usajili, huna helmeti, na umekimbia tukio. Hapo hutoki. Sasa mimi siwezi kukufungia kwa kukisia. Kalete barua kutoka kwa wanaohusika, iseme hiki ni chombo gani. Ukija nayo, utakiri vizuri."

"Wanaohusika ni nani?"

"Hilo ndilo utakalowauliza."

Mashavu akashika ukingo wa kaunta. Akasema kwamba kuna mtu amevunjika. Kuna mtu yuko kitandani huko Kiponda.

Koplo akapekua kurasa za Jumatano, juu chini, akageuza daftari amwoneshe. "Hapa hakuna mlalamikaji. Jumatano hakuna aliyegongwa mji huu. Kwa daftari hili, bibi, wewe hujamgusa mtu."

Ilimpasa afurahi. Badala yake baridi ilimpanda kutoka nyayoni. Kwa sababu Koplo Ubwa, akiwa ameshalifunga lile daftari la serikali, alitoa jengine chini ya kaunta, dogo, la shule, akalamba kalamu, akaandika jina la Mashavu, na mtaa, na nyumba, na simu.

"Hili langu mwenyewe," alisema. "Usiondoke mjini. Nitakupitia nyumbani nije nikitazame hicho chombo. Nije peke yangu, tuzungumze."

Akaendelea na mkate wake.

Sala ya Ijumaa ikapita. Mashavu alikaa chumbani mgongo ukutani, akihesabu hatua zinazopanda ngazi. Mara ni mtoto wa jirani. Mara ni muuza maji. Kila hatua alisema ndiye Koplo, na isipokuwa Koplo alisema bado atakuja. Saa tisa, saa tisa na robo. Hina aliyoikoroga jana imekauka bakulini na kupasuka.

Alasiri ilipoadhiniwa alimsikia Riyama akifungua kabati. Alipochungulia akamkuta dada yake amevaa, amejifunga mtandio, anatafuta viatu kwa miguu kwa sababu kuinama hawezi.

"Unakwenda wapi, dada?"

"Kiponda. Nnataka nikae niusikie ubani unavyomshukia huyo mshenzi. Bi Mardhiya kaalika wanawake wote."

"Usende."

"Kwa nini nisende?"

Mashavu akajaribu uongo, na uongo haukuja. Wa Alkhamisi ulikuja laini, wa Ijumaa ulikwama kooni kama mwiba wa changu. Akapiga magoti mbele ya dada yake, akamvua viatu vile alivyokwisha kuvivaa, kimoja, cha pili, na akiwa bado ameshika unyayo wake uliovimba akasema: "Ni mimi."

Riyama alikitoa kile kisigino mikononi mwa mdogo wake, akarudi nyuma hatua moja, akaliweka tumbo nyuma ya mikono yake miwili.

"Toka siku ngapi?" aliuliza, na sauti ilikuwa ya mtu mwengine. "Siku mbili? Siku mbili nnamlaani huyo mshenzi, na wewe unanitazama?"

"Dada..."

"Nenda. Nenda kabla hawajaanza. Ukambusu miguu yule mwanamke, ukamwambia akupe radhi kwa jina, asikie Mungu. Na Mashavu. Huyu akitoka kama wenzake, nisikuone tena maisha yangu."

Alikimbia. Alikimbia kwa miguu, skuta iko mvunguni, na kwa mara ya kwanza tangu ainunue alitamani mwendo ule na hakuthubutu hata kuufikiria. Alasiri ilikuwa imeshaswaliwa. Watu walikuwa wakitoka misikitini kwa makundi, naye akiwapenya akiomba radhi kushoto na kulia, radhi, radhi, kama anafanya mazoezi.

Nyumba ya Mzee Mkadam aliijua kwa viatu. Makubadhi na ndara zilijaa kizingitini mpaka njiani. Ndani ukumbini masheikh walikuwa wameshakaa duara juu ya mikeka, vitabu viko juu ya mito, na katikati yao chetezo, makaa yakiwa mekundu, ubani bado uko mkononi mwa mtu. Hawajaanza. Alhamdulillah, hawajaanza. Mashavu akapita mlango wa pembeni na kupanda juu kwa wanawake, akishika ukuta.

Chumba cha juu kilijaa kanga na joto. Mlangoni mwa chumba cha ndani, ambako mzee alilala akiguna kwa maumivu, alikaa Bi Mardhiya juu ya kibao, mwanamke mwembamba wa miaka hamsini, macho yake hayajaona usingizi.

Mashavu akaanguka miguuni pake.

Alisema yote kwa pumzi moja, skuta, kishindo, kukimbia, siku mbili za kunyamaza. Akasema ana dada mja mzito. Akasema apigwe, ashitakiwe, afanywe wanalotaka, ila apewe radhi sasa hivi, kwa jina, kabla ubani haujaguswa na moto.

Bi Mardhiya akatoa kicheko kifupi, kisicho na furaha hata chembe.

"Wewe wa nne," alisema.

Mashavu akainua uso.

"Wa nne tangu asubuhi. Wa kwanza kijana wa mikate. Wa pili mwalimu wa skuli, mtu mzima na ndevu zake, analia pale pale ulipo. Wa tatu katoka sasa hivi, yeye baada ya kumhoji nikagundua kamgonga mbuzi. Subhanallah, mji huu kumbe kila mtu kamwangusha mtu akenda zake, mnangoja Halbadiri ndio mkumbuke." Akainama karibu. "Haya. Wewe ulimgonga saa ngapi?"

"Jumatano. Baada ya alasiri."

Bi Mardhiya akatikisa kichwa. Uso wake ulichoka zaidi. "Baba kagongwa asubuhi. Saa mbili na nusu, anafungua duka, kofuli mkononi. Alasiri alikuwa keshafungwa bendeji. Si wewe, mwanangu. Ondoka. Wangu bado hajaja, na kisomo changu kiko pale pale."

Kwa pumzi tatu Mashavu alikuwa mtu huru. Alihesabu. Pumzi ya kwanza akamuona Riyama. Ya pili akamuona mtoto, mzima, anapiga kelele. Ya tatu akataka kucheka.

Ya nne haikuja.

Kwa sababu kishindo alikisikia. Skuta iliyumba. Ile sauti nzito ya chini iliyosema "Ya Rabbi" haikuwa ya mbuzi.

Basi alimgonga nani?

"Hebu rudia," ilisema sauti nyuma yake.

Alikuwa mwanamke wa makamo, amekaa peke yake karibu na mlango wa ngazi, kanga zake za shamba, miguu ina vumbi jekundu. Mashavu alipoingia alimpita bila kumtazama. Wanawake wakampisha. Bi Mardhiya akasema huyu ni Bi Maisara, anatoka Kizimbani, wanamjua leo tu. Kaja na shida yake, kawaomba masheikh waitie na ya kwake kwenye kisomo, nao wamekubali.

"Baada ya alasiri, Jumatano," alisema Bi Maisara, akija taratibu. "Kichochoro gani?"

"Sikijui jina. Cha nyuma ya msikiti wa hapa Kiponda. Penye kona na ukuta uliobomoka."

Bi Maisara akakaa chini mbele yake, magoti kwa magoti. Hakumkamata kwa nguvu. Alimshika kifundo cha mkono kama mtu anayetafuta mapigo ya mgonjwa.

"Mume wangu anaitwa Mcha," alisema. "Alikuja mjini Jumatano kununua dawa ya macho, ya kwake mwenyewe, jicho moja halioni. Alasiri kaswali msikiti huo, watu wamemuona. Katokea mlango wa nyuma. Hajarudi mpaka leo. Nimekwenda hospitali zote, hayumo. Nimekwenda kituoni, wamenifungulia daftari, wakanambia Jumatano mji huu hakuna aliyegongwa."



"Uliponiangushia mume wangu," alisema Bi Maisara, "alikuwa anatikisika? Alikaa? Alilala? Nani alimwinua?"

Mashavu hakugeuka nyuma siku ile. Mtu aliyelala pale angeweza kuinuka akaenda zake, angeweza kubebwa, angeweza kutupwa. Yote yangeweza kuwa, na yeye aliyekuwapo ndiye asiyejua hata moja.

"Sikutazama," alisema.

Harufu ya ubani ikapanda ngazi. Chini, mtu alikuwa ameumwaga juu ya makaa.

Mashavu akavishika vidole vile vyenye vumbi, akavibusu, akavitia machozi. "Nipe radhi, Bi Maisara. Niadhibu vyovyote, lakini nipe radhi sasa, dada yangu ana mtoto tumboni, nipe kabla hawajaanza."

Bi Maisara hakuutoa mkono wake. Alimtazama kama mtu anayetaka kweli kumsaidia na hajui aanzie wapi.

"Nitakupaje radhi, mwanangu," alisema, "na mimi mwenyewe sijui kama leo ni mke au mjane?"

Na chini ukumbini sheikh akakohoa, akasafisha koo, akalitaja jina la kwanza.